Joho la Kimeta: Hoja Dhidi ya "Kapsuli"



Nina deni, nami nalilipa hadharani. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kukalimani katika mkutano wa wafugaji, kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, si mbali na mpaka wa hifadhi. Mtaalamu wa mifugo alikuja na kijitabu cha Kiingereza kuhusu ugonjwa wa kimeta. Chanjo ilikuwa tayari ndani ya kisanduku cha barafu, na ng'ombe walikwisha kufikishwa joshoni tangu alfajiri. Walikuwapo Wakurya, Waikoma na Wangoreme, kila mmoja na lugha ya mamaye, na Kiswahili ndicho kilichokuwa jamvi letu sote. Mimi, mwalimu mstaafu na mtunzi wa mashairi, ndiye niliyetarajiwa kuyavusha maneno kutoka ng'ambo ile hadi hii.

Kijitabu kilisema kwamba bakteria wa kimeta ana kitu kinachomzunguka na kumlinda. Nikatamka: "Ana kapsuli inayomlinda." Mzee mmoja aliyekaa juu ya gogo akainua fimbo. "Mwalimu," akauliza, "hiyo kapsuli inayolinda, sisi tunaipata duka lipi?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikidhani kicheko kimeyamaliza. Kisha tukafika kwenye chanjo yenyewe. Kijitabu kilieleza kuwa chanjo hiyo hutengenezwa kwa bakteria aliyekosa kile kitu. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejiamini: "Msiwe na hofu, wazee wangu. Chanjo hii haina kapsuli."

Safari hii hakucheka mtu. Mama mmoja akasema taratibu, "Basi mmetuletea dawa pungufu." Maneno yake yakapita kutoka kinywa hadi kinywa, yakageuzwa Kikurya na Kingoreme, na kila yalipogeuzwa yakazidi uzito. Kabla jua halijafika utosini, maboma kadhaa yalikwisha kuwaswaga ng'ombe wao kurudi nyumbani bila kuchanjwa. Kiangazi kilichofuata, katika boma mojawapo kati ya hayo, ng'ombe wawili walianguka, nyama ikaliwa, na kijana aliyewachuna akatokwa na kidonda mkononi, kidonda kisichouma chenye kovu jeusi katikati. Alitibiwa akapona. Sidai kwamba neno langu peke yake ndilo lililowaua ng'ombe wale. Nasema tu kwamba neno langu lilikuwa pale, mlangoni, na halikumfungulia mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi, na leo nauleta kwenu. Nagombana na makundi matatu: wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya ndani kabisa, wanaosema kinaweza, mradi tuchukue neno la Kiingereza tulibandike irabu mwishoni, na sisi washairi, tunaonyamaza kana kwamba mambo ya maabara hayatuhusu.

Lakini mtu hawezi kugombania jina la kitu asichokijua. Kwanza, basi, tukitazame kitu chenyewe.

Bakteria wa kimeta, ambaye wataalamu humwita Bacillus anthracis, ana maisha mawili. Nje, ardhini, hukaa kama spora, mbegu iliyolala, na anaweza kulala hivyo miaka mingi akingoja. Mnyama anapochunga nyasi fupi za kiangazi, akavuta mbegu hizo pamoja na vumbi na udongo, spora huamka ndani ya mwili. Akishaamka hufanya mambo mawili. Anatengeneza sumu, na anajifunika kitu laini, kizito cha ute, kinachomzunguka pande zote. Ute huo umefumwa kwa nyuzi ndefu za asidi ya glutamiki. Asidi hiyo tunayo hata sisi katika protini zetu, ila ile ya kwake imegeuzwa, kama mkono wa kushoto ulivyo mbele ya mkono wa kulia. Vimeng'enya vilivyozoea kukata protini za kawaida haviwezi kuzikata nyuzi hizo. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili ambao kazi yao ni kumeza wavamizi, humkaribia bakteria huyu wakashindwa kumshika. Kuhusu kitu hicho cha ute ndiko niliposema "kapsuli."

Je, watu walikionaje? Robert Koch alionyesha mwaka 1876 kwamba bakteria huyu ndiye chanzo cha kimeta, na akaeleza jinsi anavyogeuka spora na spora inavyogeuka bakteria tena. Mwaka 1903 John M'Fadyean, daktari wa mifugo wa Uingereza, alieleza kwamba damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta ikitiwa rangi ya buluu ya methilini, vijiti vya bakteria huwa buluu, na kile kinachowazunguka huwa cha rangi ya waridi. Njia hiyo hutumika hadi leo. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1902, Mjerumani Fred Neufeld alifanya jambo la ajabu kwa bakteria wa nimonia: aliwachanganya na seramu yenye kingamwili zinazowatambua, na vazi lao la ute, lililokuwa halionekani, likatokeza chini ya hadubini kana kwamba limevimba.

Kumbukeni hilo: kingamwili ndizo zilizolifichua vazi.

Miaka ya 1930 ikaja hadubini ya elektroni. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931, na Ruska akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hadubini ya nuru hushindwa kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hadubini ya elektroni huenda mbali mno kuliko hapo. Ungetarajia basi kwamba vazi la bakteria lingeonekana kwa utukufu wake wote. Halikuonekana hivyo. Ndani ya hadubini hiyo hakuna hewa wala maji. Kila kinachoingizwa katika njia ya kawaida lazima kwanza kikaushwe. Na vazi hilo, sehemu yake kubwa ni maji. Likikaushwa hunyauka na kushikamana na ukuta wa bakteria, kama ute wa bamia uliokaukia ukingoni mwa sufuria. Chombo kikali kuliko vyote kikamwonyesha bakteria akiwa karibu uchi, na vazi likawa vijiuzi vichache vilivyojikunyata.

Waliolitatua tatizo hilo walirudi kwenye kingamwili. Kingamwili ya kawaida katika damu ina umbo la panda ya manati, na ncha mbili za panda hiyo zinaweza kushika. Ukiwamwagia bakteria kingamwili zinazolitambua vazi lao kabla ya kuwakausha, ncha hii hushika uzi huu, ncha ile hushika uzi ule, na nyuzi zikishafungwa pamoja kwa maelfu, vazi halinyauki tena. Linasimama. Mwaka 1977 Bayer na Thurow walichapisha kazi waliyoifanya kwa njia hiyo juu ya bakteria wa utumbo, Escherichia coli, na vazi likaonekana limeenea, nene, likimzunguka mwenyewe pande zote.

Kuna na njia nyingine, ambayo watu wa Tarime wangeifurahia kuliko wengine. Mwaka 1971 Faulk na Taylor walieleza jinsi ya kuibebesha kingamwili chembe ndogo ya dhahabu. Dhahabu ni nzito, nayo huzitawanya elektroni, kwa hiyo katika picha huonekana kama nukta nyeusi. Kila palipo na nukta, pana kingamwili. Kila palipo na kingamwili, pana kitu kinachotafutwa. Chembe hizo huwa na upana wa nanomita 10 hivi, yaani zikipangwa 100,000 kwa mstari zinatimiza milimita moja. Nyamongo wanapasua mwamba kutafuta dhahabu ya manjano inayong'aa. Katika hadubini ya elektroni dhahabu ni nyeusi, haing'ai kabisa, na kazi yake si pambo ila ushahidi. Nauliza: ni malenga gani wa Tarime, anayejua dhahabu imemfanyia nini jirani yake, ambaye hana beti kumi ndani ya jambo hilo?

Sasa nawaendea wapinzani wangu.

Kundi la kwanza linasema: haya yaacheni kwa Kiingereza. Husema hivyo kwa upole, wakidai wanakihurumia Kiswahili kisibebeshwe mzigo. Nawajibu kwamba aliyeandika haya yote ameyaandika kwa Kiswahili, na msomaji aliyefika hapa ameyaelewa. Tena, hayo yaachwe kwa Kiingereza cha nani? Yule mama wa joshoni hana Kiingereza, na ng'ombe ni wake. Ng'ombe huyo ni mahari ya mwanawe, ni ada ya shule, ni maziwa ya mjukuu. Ukiiacha elimu ya kimeta katika lugha asiyoijua, umeamua kwamba yeye atabeba hasara na mwingine atabeba maarifa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari. Pendekezo hilo liliachwa, na mtoto wa Mugumu bado husoma biolojia ya sekondari kwa Kiingereza, akajibu mtihani kwa Kiingereza, kisha akarudi nyumbani akashindwa kumweleza babaye kwa nini mzoga usipasuliwe. Anayo elimu, lakini imekwama kooni.

Kundi la pili ni gumu zaidi, maana ni rafiki zetu. Hawa wanapenda Kiswahili. Wakikutana na neno geni hulivalisha irabu mwishoni, wakapiga muhuri, wakaenda zao. Sina chuki na utohoaji. Bakteria, seli, protini, elektroni: haya yameingia na yamekaa, kwa sababu hayakukuta kiti hicho kina mtu. "Kapsuli" imekuta kina mtu. Masikioni mwa kila Mtanzania aliyewahi kuugua, kapsuli ni kile kidonge cha rangi mbili kinachoponya. Ukisema bakteria ana kapsuli, umempa adui dawa. Ukisema chanjo haina kapsuli, umeinyang'anya chanjo dawa. Neno hilo limegeuza maana juu chini mara mbili katika mkutano mmoja, na mimi ndiye niliyelitamka.

Na tusidanganyike kwamba wenye neno hilo walilitoa mbinguni. Kwa Kilatini capsula ni kijisanduku. Kuna mtu zamani aliyetazama, akafikiri kasha la nyumbani kwake, akalisema. Neufeld alipoliona vazi limetuna aliliita kwa neno la kila siku la Kijerumani lenye maana ya kuvimba, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitamka hivyo hivyo mpaka leo. Jina la Kiingereza la kimeta limetoka kwa Wagiriki, nao walimaanisha kaa, kwa sababu ya lile kovu jeusi. Wafaransa nao husema makaa. Waarabu husema kaa la moto lililo baya. Wote hao walichungulia jikoni mwao wakachukua neno. Sisi tunapochungulia jikoni mwetu tunaambiwa si kisayansi! Ufundi wa kutaja kitu kwa mfano wake ndio ushairi, nao ulianza kabla ya maabara. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na jina la kuazima lililokwisha kuwa na mwenyewe halisitiri maana.

Tazameni maneno yetu yaliyofaulu. Chanjo imetoka katika kuchanja. Bibi zetu walichanja chale wakapaka dawa, na teknolojia mpya ilipofika ilikuta jina limesimama mlangoni. Kingamwili halihitaji mkalimani: ni kinga, ni ya mwili. Hadubini lilitungwa kwa kufuata mwendo wa darubini, na sikio likalipokea kama ndugu wa yule. Na kimeta chenyewe: asikiaye kimeta husikia kumetameta, akahisi kitu kidogo kinachong'ara kwa hila. Hakuna mfugaji katika Mara anayehitaji kuelezwa mara mbili neno hilo ni hatari.

Hata maarifa mapya ya kwetu yanasimulika vizuri pale neno linapokuwa jema. Watafiti waliochunguza kimeta katika eneo la Serengeti kwa miaka ya 1996 hadi 2009 walipima kingamwili katika damu za wanyama wa aina nyingi. Wala nyama walikuwa nazo kwa wingi, ishara kwamba hukutana na kimeta mara kwa mara na huokoka. Nyati na nyumbu wengine walikuwa nazo pia. Pundamilia hawakukutwa nazo, ilhali vifo vyao vilionekana mara nyingi. Maana yake pundamilia akipatwa hafi na siku, hufa na saa. Na mbwa wa vijijini wakaonekana wanaweza kuwa mashahidi: pima damu ya mbwa wa boma, utajua kama kimeta kimepita hapo. Jaribuni kumsimulia hayo mfugaji yeyote wa Robanda au Nyamongo kwa neno kingamwili. Atawaelewa, kisha atawauliza swali ambalo hamkulitarajia. Huo ndio uhai wa neno.

Basi tumpe na yule wa pili jina lake. Mimi napendekeza joho.

Nimeyapima mengine. Gamba ni gumu, la kobe au samaki. Kitu hiki ni laini. Ganda humenywa, tena hukaa kavu. Hiki kikikauka hakipo. Utando umekwisha kupewa kazi nyingine katika vitabu vya biolojia, na hatuwezi kumpa mtumishi mmoja mabwana wawili katika nyumba moja. Ala ni nzuri, kwa maana ya ala ya kisu, lakini kisu huchomolewa alani ndipo kidhuru, na huyu hudhuru akiwa ndani. Ute unasema kitu kimetengenezwa na nini, hausemi kinafanya nini. Joho linasema mambo yote yatakiwayo: ni vazi pana, la juu ya mavazi mengine, huvaliwa na kuvuliwa, humsitiri mwenye kulivaa, na humfanya aonekane mkubwa kuliko alivyo. Bakteria huyu hulivaa akiwa ndani ya mwili wa mnyama, na hana haja nalo anapolala udongoni kama spora. Atakaye kutaja kwa ukamilifu na aseme joho la ute.

Nimeambiwa joho ni vazi la heshima, la harusi na mahafali, tusimvike kijidudu. Najibu kwamba adui aliyevaa kiheshima ndiye hupitishwa na walinzi. Hilo si kosa la mfano, ndiyo nguvu yake. Nimeambiwa pia joho litachanganywa na josho, na kwamba wafugaji hushinda joshoni. Kiswahili kina kaa la moto, kaa wa pwani na kaa kitako, na hatujapata kumwona mtu akikalia kaa la moto kwa kuchanganyikiwa.

Lakini kipimo cha mwisho cha neno si kamusi, ni sentensi. Mnamo miaka ya 1930 Max Sterne, akifanya kazi Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata aina ya kimeta iliyopoteza uwezo wa kutengeneza kile kifuniko, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mama wa chanjo za mifugo zinazotumika katika nchi nyingi. Bakteria huyo bado hutoa sumu kiasi, na mwili wa ng'ombe hujifunza kutengeneza kingamwili za kuikabili. Lakini kwa kuwa hana cha kujifichia, walinzi humkamata na kummaliza. Sasa semeni: "Chanjo hii haina kapsuli." Kisha semeni: "Chanjo hii ni kimeta kilichovuliwa joho." Nendeni na sentensi hizo mbili kwenye josho lolote la Tarime mkaone ng'ombe wanafuata ipi.

Limebaki kundi la tatu, ndilo sisi. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alitupatia ngonjera, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera hizo zilipanda majukwaani zikaeleza siasa nzito kwa watu ambao hawakuwahi kushika kitabu cha siasa. Hakuna aliyesema ushairi umevunjiwa heshima. Leo fungueni kurasa zetu wenyewe: mahaba, mawaidha, rambirambi, na majibizano ya nani anajua mizani kuliko nani. Siyadharau, nami nimeyatunga. Ila BAKITA na wataalamu wa chuo kikuu hawawezi kutunga kila istilahi kwa niaba yetu, tena wao wenyewe watawaambia kwamba istilahi isiyotumiwa hufia kamusini. Neno hukaa likiimbwa. Mzee wa Kikurya apigaye litungu akiliingiza joho katika wimbo wake mara tatu, hakuna kikao cha istilahi kitakachokuwa kimefanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Mtasema: hadubini ya elektroni hukaa katika vyuo vikubwa na miji ya mbali, yamhusu nini mchungaji wa ng'ombe? Yamhusu, kwa sababu picha ile ni ya kitu kilichomwulia ng'ombe wake. Kuna mtu aliyefanya kazi usiku na mchana ili kile kisichoonekana kionekane, akazitia kingamwili ili vazi lisinyauke katika ukavu wa chombo. Kisha picha ikafika kwetu, na sisi tukaikausha upya kwa neno lisilo na maji. Kazi ya mshairi hapa ni ile ile ya kingamwili: kuzishika nyuzi za maana, ncha hii huku na ncha ile kule, ili zisinyauke zikiwa njiani kutoka lugha hii kwenda ile.

Ili nisionekane nawatuma nisikokwenda, huu hapa ubeti wangu. Si mkubwa, lakini mizani yake imetimia, na kila linalosemwa ndani yake ni kweli:

Kijidudu cha kimeta, huvaa joho mwilini,
Walinzi wakikipita, hawakitambui ndani,
Mzoga ukiukuta, kisu kiache alani,
Ukipasua mzoga, mauti huja nyumbani.

Mshororo wa mwisho si tishio la kishairi. Ndani ya mzoga uliofungika bakteria wengi huoza pamoja na nyama. Kisu kikiufungua, damu hukutana na hewa, bakteria hugeuka spora, na udongo wa boma hubeba deni hilo kwa miaka. Mnyama aliyekufa ghafla, akavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na sehemu nyingine za wazi, haliwi, hachunwi. Anaitiwa mtaalamu, naye huteketezwa au huzikwa kwa kina.

Nilirudi kijijini kwa wale wazee msimu uliofuata. Sikwenda na kijitabu. Niliwaomba radhi kwanza, kisha nikasema kimeta huvaa joho, na kwamba chanjo ni kimeta kilichovuliwa joho lake ili mwili wa ng'ombe umjue adui akiwa uchi. Yule mzee wa fimbo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mwaka jana ungesema hivyo." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nawaachia ugomvi huu mikononi mwenu. Aliye na neno bora kuliko joho na alilete hapa, na abeti zake mbili, nitalikubali na kulitangaza bila kinyongo. Na anayeshikilia kapsuli, namwomba jambo moja: aje nayo mwenyewe Mugumu siku ya chanjo, asimame joshoni, awaeleze.